Programu ni mgeni, na mgeni huuliza



Leo nitaanza na kisa kilichonipata mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa zamu katika studio moja hapa Unguja, ambamo matangazo ya vifo yalipangwa ndani ya kompyuta ili yatoke yenyewe kwa wakati wake. Siku hiyo tulikuwa na tangazo la mazishi ya saa kumi alasiri, nasi tulilipanga litoke saa saba mchana. Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatika. Uliporudi, saa ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa saa nne, kwani ile betri ndogo inayoitunza ilikuwa imekwisha nguvu. Hakuna aliyeitazama. Tangazo likatoka saa kumi na moja jioni. Jamaa wa marehemu waliokuwa shamba, upande wa Makunduchi, walipofika Mwanakwerekwe walikuta kaburi limeshafukiwa.

Tuliilaumu kompyuta. Lakini tukisema kweli, kompyuta ilifanya kila ilichoagizwa. Programu iliuliza, "Sasa ni saa ngapi?" Mtambo ukaijibu uongo, nayo ikauamini.

Ndugu wasikilizaji, programu ni kama mgeni. Huandikwa mahali pengine, na watu ambao aghalabu hawajapata kuiona Forodhani wala Darajani, kisha hutiwa katika mashine ambayo mwandishi wake hakuijua. Inapoamka haijui iko wapi. Lazima iulize: Nimo katika mashine ya namna gani? Kumbukumbu iko kiasi gani? Wenyeji wanasema lugha gani? Mafaili yangu yamewekwa chumba gani? Tarehe ngapi leo? Majibu ya maswali hayo ndiyo mafundi huyaita maelezo ya mazingira. Tangu mwaka 1979, katika toleo la saba la mfumo wa Unix, kumekuwa na utaratibu wa mashine kuiwekea programu majina na majibu yake kabla haijaanza kazi. Viunzi vya leo, kama Java na .NET, yaani mifupa ambayo programu hujengwa juu yake, vyote vina mlango wa kuulizia maelezo hayo.

Tusiende mbali kutafuta mfano. Tangu mwaka 2005 Wizara ya Afya ya Zanzibar imekuwa ikikusanya takwimu za vituo vya afya kwa mfumo uitwao DHIS. Asili yake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Toleo lake la pili, DHIS2, lilianza kutengenezwa mwaka 2004 chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, likaandikwa kwa lugha ya Java. Programu hiyo moja imefanya kazi Kerala nchini India, imeenea Kenya nzima tangu mwaka 2011, na ipo hapa kwetu. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu inauliza. Inapoamka hutafuta jina DHIS2_HOME, ambalo huielekeza kwenye folda yake. Humo hukuta faili lenye anuani ya hifadhidata na neno la siri la kuingilia. Msimamizi naye ana ukurasa wa kuona programu imejibiwa nini: toleo la Java, mfumo wa mashine, kumbukumbu, na saa ya seva.

Hiyo saa ya seva ndiyo ninayoiogopa zaidi. Seva nyingi duniani huwekwa katika saa ya Greenwich, nasi tuko mbele yake kwa saa tatu. Chukua mtoto aliyezaliwa saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai, akaandikwa papo hapo. Kwa Greenwich bado ni saa nne usiku, tarehe 30 Juni. Programu isiyouliza iko nchi gani itamhesabu mtoto huyo katika mwezi wa Juni, na katika taarifa za nusu ya kwanza ya mwaka. Badala ya mtoto mmoja weka wagonjwa wa malaria au wa kipindupindu, uone mkuu wa wilaya atakavyosoma picha isiyo sahihi.

Hata ukitaka kujibu sawasawa, orodha ya majira ambayo kompyuta nyingi huitumia haina jina la Zanzibar. Imo Dar es Salaam, na siku hizi jina hilo huelekezwa kwenye Nairobi. Hapo hatuna hasara, maana saa ni ile ile. Hasara iko kwenye tarehe. Kompyuta mpya aghalabu huja na desturi za Marekani, mwezi kwanza halafu siku. Mama anayeandikiwa kliniki 3/4 atakwenda tarehe 3 Aprili, hali programu ilikusudia tarehe 4 Machi. Mwezi mzima umepotea, na sindano ya mtoto imepotea nao.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi naongeza kwamba anayeulizwa naye ana wajibu. Ofisi zetu hununua au hupewa programu, mtaalamu hutoka nje, huijibu maswali yake yote, kisha hupanda ndege. Baada ya mwaka mashine hubadilishwa, na hakuna mwenyeji anayejua mgeni yule alikuwa ameambiwa nini. Nyumba usiyolala hujui ila yake, lakini nyumba hii ni yetu, na tunalala ndani yake.

Basi naomba mambo matatu. Kila ofisi iwe na daftari lililoandikwa kwa Kiswahili majibu yote ambayo programu zake zimepewa. Pili, kila umeme unaporudi, mtu aliyepewa kazi hiyo aitazame saa na tarehe kabla ya jambo lolote. Sisi tuliokaa gizani kuanzia Mei hadi Juni 2008, kisha tena takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Tatu, maelezo hayo yasiachwe wazi kwa kila mpita njia, kwa sababu humo ndimo zinamokaa funguo za nyumba.

Wale jamaa wa Makunduchi niliwafuata baadaye kuwaomba radhi. Mzee mmoja aliniuliza, "Mwanangu, hapo kazini kwenu hapakuwa na mtu mwenye saa mkononi?" Nilikuwa nayo. Sikuitazama.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.