Kodi ya Kichwa, Kodi ya Kasri: Mapato na Amani Nchini Sierra Leone



Nchi ikitoka vitani, wataalamu wa fedha huja na swali moja: serikali inakusanya kiasi gani? Wana haki ya kuuliza, maana hospitali iliyochomwa haijengwi kwa dua. Jioni hii nina swali jingine, ambalo naamini lina uzito zaidi kwa amani yenyewe. Anayedai kodi ni nani, na anayesamehewa ni nani? Nalipeleka swali hili Sierra Leone, nchi ambayo kodi imewahi kuwasha vita.

Mwaka 1896 Waingereza walitangaza himaya yao juu ya maeneo ya bara, nyuma ya Freetown. Mwaka 1898 Gavana Frederic Cardew akaanza kudai kodi ya nyumba, shilingi tano kwa mwaka, na machifu wakaamriwa kuikusanya. Bai Bureh, chifu wa Kasseh, akashika silaha. Kamishna David Chalmers, aliyetumwa kuchunguza, aliona kwamba kodi ndiyo iliyoleta maasi, akashauri ifutwe. London ilikataa. Kodi ikabaki, na machifu wakabaki kuwa mkono wake. Sisi wa Afrika Mashariki habari hii si ngeni kwetu. Wajerumani walitutoza kodi ya nyumba miaka hiyohiyo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza wilayani Kailahun Machi 1991 na kumalizika rasmi Januari 2002 vinajulikana duniani kwa almasi. Almasi zilivilisha vita, hilo halina ubishi. Lakini Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilitazama nyuma zaidi, kwenye miaka mingi ya utawala mbovu na rushwa. Mwaka 1972 serikali ya Siaka Stevens ilikuwa imefuta halmashauri za wilaya. Mwanakijiji akabaki na chifu wake tu, na chifu huyo alikuwa mtoza kodi na hakimu kwa wakati mmoja.

Hapa naomba tutulie kidogo. Mfikirie kijana wa kijijini asiye na shamba wala mahari. Anashtakiwa kwamba ametembea na mke wa mzee mwenye wake wengi. Kesi inasikilizwa na wazee wenzake mzee huyo, faini inatajwa, na kijana hana kitu. Atailipa kwa jembe, katika shamba la mlalamikaji, au atatoroka usiku. Watafiti waliozungumza na wapiganaji wa zamani walikutana na masimulizi ya namna hii mara kwa mara. Hakuna kitabu cha hazina kilichoandika faini hizo kuwa kodi. Kwa kijana yule, hiyo ndiyo dola aliyoijua.

Amani iliporudi, sheria ya mwaka 2004 ilirudisha halmashauri, 19 kwa jumla. Machifu nao walirejeshwa, kwa msaada wa fedha za Uingereza. Tanganyika ilikuwa imefuta uchifu mwaka 1963. Sierra Leone ilichagua njia nyingine, na siilaumu kwa hilo, kwa sababu baada ya vita watu walihitaji mtu wa kuwapatanisha palepale walipo. Ninacholaumu ni kodi ya kichwa iliyorudi pamoja na machifu: kila mtu mzima kiasi kilekile, mchimba mihogo sawa na mwenye maduka. Machifu na halmashauri wakaanza kugombania fungu lake. Na chifu mkuu huchaguliwa kutoka koo zinazotambuliwa tu, na wajumbe ambao kila mmoja anawakilisha walipa kodi 20. Mwananchi wa kawaida analipa, mjumbe anapiga kura.

Juu kabisa mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2002, vita vikiwa vimetoka tu kuisha, Bunge liliidhinisha mkataba maalumu wa kampuni ya kuchimba madini ya rutile, wenye nafuu za kodi ambazo mchuuzi wa sokoni hawezi hata kuziota. Yeye ushuru wa soko anaulipa papo hapo, awe ameuza au hajauza.

Freetown imeonyesha kwamba inawezekana kufanya vingine. Chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, aliyechaguliwa mwaka 2018, jiji lilibadili kodi ya majengo. Utaratibu wa zamani ulitegemea ukubwa wa eneo la jengo, na kasri la mlimani lingeweza kudaiwa kiasi kisichotofautiana sana na cha nyumba duni. Jiji likahesabu mapaa kwa picha za setilaiti, kisha maofisa wakapita mitaani na kutoa alama kwa vinavyoonekana bila kugonga mlango: paa, kuta, madirisha, barabara inayofika pale. Kibanda cha mtaa wa Kroo Bay kikapata nafuu, na makasri ya mtaa wa Hill Station yakapandishiwa deni.

Mabishano makali yalifuata, kama ilivyotarajiwa, maana wenye kasri ndio wenye simu za mawaziri. Bado nasema njia ile ndiyo iliyotakiwa kuanza mwaka 2002, kabla ya kumdai mtu kwa kichwa chake. Na Bunge la nchi yoyote inayotoka vitani lifanye jambo jingine moja: siku ya bajeti, misamaha yote ya kodi isomwe ukumbini, jina la kampuni na kiasi ilichosamehewa, kwa sauti ileile inayosoma ushuru wa soko.