Mlango wa Dawa Katika Kimelea cha Malale: Protini ya AQP2 na Funzo la Omugo



Nimeombwa nizungumzie maumbo ya protini zinazosafirishwa hadi kwenye utando wa seli. Maelezo ya msingi nitayapitia mbio, kwa kuwa wengi wenu mmeyafundisha kabla yangu. Protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja. Ikigandishwa kuwa fuwele na kupigwa eksirei, mtawanyiko wa miale hutuonyesha kila atomu ilipokaa. Koti la kimelea cha malale, yaani VSG, lilichorwa kwa njia hiyo mwaka 1990. Protini zilizozama ndani ya utando ni ngumu kugandishwa, na siku hizi nyingi huchunguzwa kwa hadubini ya elektroni katika baridi kali. Hayo yatoshe.

Kilichonileta mbele yenu ni protini moja, AQP2, na sababu yake iko hapahapa Omugo, Nile Magharibi.

Wazee wa kazi hii wanaikumbuka melasoproli, dawa yenye aseniki. Kiyeyusho chake huharibu plastiki, kwa hiyo ilidungwa kwa sindano za kioo, na iliunguza mshipa ilipopita. Iliua takriban wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliotibiwa. Katika miaka ya 1990 ilianza kushindwa kazi katika Nile Magharibi: hadi wagonjwa 30 kati ya 100 waliugua tena. Fikirini mtu aliyestahimili sindano zile zote akarudi baada ya miezi, akatobolewa uti wa mgongo, na chini ya hadubini mdudu akaonekana tena akijipinda.

Mwaka 2001 Enock Matovu wa Makerere na wenzake walionyesha kwamba vimelea vingi kutoka huku vilikuwa na mabadiliko katika jeni ya TbAT1, mojawapo ya milango ya dawa hiyo. Mlango wa pili, AQP2, ulitambuliwa mwaka 2012. Huo ndio mkubwa zaidi, na pentamidini, dawa nyingine ya malale, nayo hupita humo.

Hapa umbo linasema mengi. Protini za jamaa hii huwa na arjinini inayobana njia, yakapita maji na gliseroli tu. Katika AQP2 pahali hapo pana lusini, njia ikapanuka, na molekuli kubwa kama pentamidini ikapata pa kupenya. Protini nne hushikana pamoja, kisha husafirishwa hadi kwenye mfuko mdogo ulio kwenye shina la mkia wa kimelea. Katika kimelea kilicho ndani ya damu hazikai kwingine. Zisipofika mfukoni, dawa hubaki nje.

Kuna vimelea ambavyo jeni ya AQP2 imeungana na jirani yake AQP3. Vimepatikana Mbuji-Mayi, Kongo, na Ibba, Sudan Kusini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba protini hiyo ya mseto hutengenezwa, lakini hukwama ndani ya seli, katika retikulamu ya endoplazimu, ikatiwa alama ya kuharibiwa na ikavunjwavunjwa. Kimelea hakikuhitaji kuipiga vita dawa. Mlango wake ulinaswa njiani.

Ndugu Mwenyekiti, wagonjwa walirudi vitandani Omugo, na mlango ukafahamika miaka mingi baadaye, mbali na Omugo. Kuchora umbo huku bado hatuwezi. Afrika nzima haina mtambo wa sinkrotroni, na ulio karibu nasi zaidi uko Jordan. Hilo silishangai. Linaloniuma ni kwamba hata malighafi tunaipoteza.

Miaka kadhaa iliyopita, katika ghala moja ambalo sitalitaja, nilifungua tangi la nitrojeni. Mvuke haukutoka. Nikachovya kijiti cha kupimia, kikatoka kikavu, bila hata ukungu wa barafu. Mirija ilikuwa imepangwa vizuri, maandishi ya kalamu yakisomeka: tarehe, namba ya mgonjwa, herufi za kituo. Kila kimelea kilikuwa kimekufa. Nitrojeni haikununuliwa kwa sababu fedha za robo mwaka zilichelewa. Sisemi haya kumlaumu mtu, na naelewa taratibu za manunuzi. Lakini kimelea cha gambiense, aina ya malale ya huku, hakikubali kirahisi hata panya wa maabara. Kilichopotea pale hakirudishwi na bajeti ya robo inayofuata.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Uganda imetokomeza malale ya gambiense kama tatizo la afya ya jamii. Ni kazi ya mikono yenu, pamoja na vitambaa vidogo vya bluu vya kuua mbung'o kandokando ya mito. Wagonjwa wakiwa haba, kila sampuli huwa na thamani kubwa zaidi. Tangu 2017 Omugo imepokea wakimbizi wa Sudan Kusini, nchi ya Ibba, kulikopatikana vimelea vile vya mseto. Ni kweli kwamba feksinidazoli, dawa nyingine ya malale, haitegemei mlango wa AQP2, ila huamshwa na kimeng'enya kilekile kinachoiamsha dawa ya naifatimoksi: kikidhoofika, dawa zote mbili zitadhoofika pamoja.

Kwa hiyo napendekeza, kwa idhini ya mamlaka husika, nitrojeni iwekewe fungu lake lisilosubiri robo mwaka. Napendekeza kijiti kichovywe kila wiki na kipimo kiandikwe kwa jina la aliyepima. Kila mgonjwa mpya achukuliwe sampuli kabla ya dozi ya kwanza, na akirudi achukuliwe tena. Tone la damu likaushwe kwenye karatasi ya chujio, kwa kuwa DNA hudumu humo bila nitrojeni, na jeni za AQP2 na TbAT1 zisomwe hapa nchini. Sampuli ikivuka mpaka, nakala ibaki, na matokeo yarudi kituoni ilikotoka. Vijana wetu wafundishwe kusoma maumbo ya protini, kwani mafaili yake hupatikana bure na kompyuta ya kawaida huyafungua. Na narudia la nitrojeni: fungu lake liwe peke yake, na lianze kabla ya tangi lililopo sasa kukauka.