Monita Mbovu Iliyo Bado Ndani ya Dhamana



Kwa mwenye steshenari, monita ikizimika kazi imesimama. Kwa hiyo anunuapo Mtaa wa Aggrey, adai risiti ya mashine ya kielektroniki, ambayo ni haki yake, na kadi ya dhamana yenye tarehe, muhuri na namba ya kifaa. Duka laweza kuhama kabla miezi 12 haijatimia, karatasi hubaki.

Kioo kikianza kuchora mistari, ajaribu kwanza waya mwingine na kompyuta nyingine, kwani mara nyingi mgonjwa ni waya. Kasoro ikibaki, aipige picha na kurudi dukani mapema, wala asimpe fundi wa kibarazani aifungue: lakiri ikivunjwa, muuzaji amepata sababu ya kukataa. Akiiacha huko, adai hati ya mapokezi.

Maneno “bidhaa iliyouzwa hairudishwi” huwatisha wengi, ilhali hayafuti dhamana ambayo muuzaji mwenyewe ameigonga muhuri. Akikaidi, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Mteja apeleke nakala. Karatasi halisi abaki nazo.