Kiwanda cha Kemikali Karibu na Makazi: Haki na Hatua za Mwananchi



Leo tunazungumzia namna ya kupinga kiwanda chenye kemikali za hatari kabla hakijajengwa jirani na nyumba zenu.

Tuanze na yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kiliyeyusha risasi kutoka betri kuukuu za magari, kando ya makazi. Risasi huingia mwilini kwa moshi, vumbi na maji, na hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Wakazi, wakiongozwa na Bi. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, waliandamana, wakapima damu, wakashtaki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufani, ukarejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024.

Wakazi walishinda, lakini fidia haiondoi madhara yaliyokwisha kuingia katika ubongo wa mtoto. Kwa hiyo wakati bora wa kupinga ni kabla ya leseni kutolewa.

Sheria inawapa nafasi hiyo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 70 kinamruhusu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia.

Tunawashauri mfanye haya:

1. Mwonapo tangazo la tathmini ya athari kwa mazingira, someni tarehe ya mwisho ya maoni. Ombeni ripoti yenyewe. Msitosheke na muhtasari.

2. Ulizeni kwa maandishi: ni kemikali zipi, kiasi gani, zitahifadhiwa umbali gani kutoka nyumba na kisima cha karibu? Ombeni karatasi ya taarifa za usalama ya kila kemikali. Humo mtaona namna ya kuzima moto wake, kwani zipo zinazolipuka zikiguswa na maji.

3. Wekeni pingamizi kwa barua yenye majina na sahihi, na mbaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Maneno ya mkutanoni husahaulika.

4. Leseni ikitolewa, baraza la rufaa za mazingira hupokea malalamiko ndani ya siku 60. Msingoje siku ya 59.

5. Kiwanda kikiwa tayari kinafanya kazi, andikeni tarehe na saa za kila harufu, moshi au maji machafu. Mwenye kuugua apimwe, na cheti cha hospitali kitunzwe.

Hatusemi kila kiwanda ni adui. Vijana wanahitaji ajira. Lakini ajira isinunuliwe kwa afya ya mtoto wa jirani. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa barua iliyofika mapema.