Damu ya Wawili



Injili inatusimulia habari za mtu aliyezaliwa kipofu, na jinsi wanafunzi walivyotaka kujua kosa lilikuwa la nani, lake mwenyewe au la wazazi wake. Bwana alilikataa swali lenyewe. Hata hivyo swali hilo halikufa. Linaulizwa hata leo katika nyumba zetu, pale mtoto wa miezi sita au saba anapoanza kuvimba vidole vya mikono na miguu, akalia usiku kucha, macho yakageuka manjano, damu ikapungua mara kwa mara. Hapo mama hutazamwa kwa jicho la pembeni. Wapo wanaotaja ukoo wake, wapo wanaotaja jirani mwenye husuda, na wapo ambao tayari wamekwisha kwenda kwa mganga kabla ya kufika zahanati. Ugonjwa huo una jina: ni seli mundu, au kama wengi wasemavyo, sikoseli.

Tungependa leo tuueleze ulivyo, maana giza linalouzunguka limevunja ndoa nyingi na kuzika watoto wengi.

Karibu kila chembe ya mwili hubeba maandishi ya urithi, yaani vinasaba, yenye herufi nne tu zinazopangwa kwa namna mbalimbali. Maandishi hayo katika binadamu yana urefu wa herufi kama bilioni 3, na kila mtu hupata nakala mbili: moja ya baba na moja ya mama. Chembe inapogawanyika, maandishi yote hunakiliwa upya. Wanakili ni vimeng'enya. Kimeng'enya cha kwanza cha kazi hiyo kilipatikana mwaka 1956 na Arthur Kornberg huko Marekani, na mwaka 1959 alishirikishwa Tuzo ya Nobeli kwa kazi hiyo. Wanakili hao ni waangalifu kuliko karani yeyote tumjuaye: huandika, hurudi nyuma kusoma walichoandika, hufuta, huandika tena. Hata hivyo, mara chache mno, herufi moja huponyoka.

Zamani sana, maelfu ya miaka iliyopita, herufi moja iliponyoka katika maandishi yanayoongoza utengenezaji wa himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu inayobeba hewa. Palipopasa kuwa na A pakawekwa T. Ni hilo tu. Lakini chembe ya damu yenye himoglobini hiyo, ikikosa hewa ya kutosha, hujikunja kama mundu wa kuvunia mpunga, ikakwama katika mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu yanapotoka. Na wakati chembe nzima huishi siku zipatazo 120, hii ya mundu haifiki mbali: siku 10 hadi 20, imekwisha.

Mtu atauliza: kwa nini kosa hilo halikufutika? Jibu liko hapa hapa ziwani. Mwaka 1949 kijana aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu wa Afrika Mashariki akaona chembe hii ni nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, lakini ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alieleza sababu: malaria. Mtoto aliyerithi herufi hiyo kutoka upande mmoja tu haugui seli mundu, na tena hukingwa kwa kiasi kikubwa na malaria kali. Kwa hiyo kilichowaokoa mababu wa ziwa na mbu ndicho kinachowatesa baadhi ya wajukuu wao. Hapana laana hapo, wala mkono wa jirani.

Wingi wake sasa unajulikana. Katika uchunguzi wa Kanda ya Ziwa uliochapishwa mwaka 2020, uliotumia matone ya damu kavu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 yaliyokuwa tayari maabara ya Bugando, mtoto mmoja kati ya watano alionekana kubeba herufi hiyo upande mmoja, na zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa na ugonjwa wenyewe. Mmoja kati ya watano! Hesabuni, ndugu, waliokaa katika benchi lenu kanisani.

Wawili wabebaji wakioana, kila mimba ina fungu moja kati ya manne la kuwa na ugonjwa. Tunasisitiza neno "kila", maana tumesikia wakisema kwamba mmoja akishaugua basi watatu wanaofuata wako salama. La hasha. Hesabu huanza upya kila mara.

Sasa, mbona mtoto huzaliwa mzima na kuugua baadaye? Swali hili ndilo linalolisha uvumi, maana mtoto hubadilika siku zile zile ambazo ndugu wanakuja kumwona na kumpakata. Ukweli ni kwamba mtoto tumboni hutumia himoglobini nyingine, ya uchanga, isiyojikunja. Baada ya kuzaliwa, maandishi ya himoglobini hiyo hufungwa na yale ya ukubwani hufunguliwa. Hayafutwi, hufungwa tu, kama kitabu kilichorudishwa kabatini. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walithibitisha kuwa mmoja wa wafungaji ni jeni iitwayo BCL11A. Na Watanzania hawakukaa pembeni. Kule Muhimbili, Profesa Julie Makani na wenzake, akiwamo mtaalamu wa baiolojia ya molekuli Siana Nkya, walichunguza vinasaba vya wagonjwa wa hapa nchini ili kujua kwa nini baadhi yao hubaki na himoglobini ya uchanga kwa wingi na kuteseka kidogo. Mwaka 2014 walichapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 1,000, na jeni hiyo ya BCL11A ilijitokeza nao pia.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata swichi ya mfungaji huyo katika chembe za uboho wa mgonjwa. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Tuliposoma habari hiyo tulifurahi, kisha tukanyamaza.

Lakini kuna kidonge. Haidroksiyurea hukizuia kimeng'enya kinachoandaa herufi za kunakilia, hivyo kazi ya unakili katika uboho hupungua mwendo, na katika hali hiyo mwili huanza tena kutoa himoglobini ya uchanga. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watoto zaidi ya 600 wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda: waliotumia dawa hiyo walipata maumivu machache, wakahitaji damu mara chache, na vifo vikapungua. Bugando nao wameitumia kuwakinga watoto wenye dalili za hatari ya kiharusi. Si dawa ya kununua kiholela, kwani hushusha chembe nyingine za damu pia, na daktari hana budi kupima mara kwa mara.

Kwa hiyo twawaomba wazazi: mtoto mwenye dalili tulizozitaja apelekwe hospitali akapimwe. Akigundulika mapema atapewa penisilini, chanjo, kinga ya malaria na maji ya kunywa kwa wingi, na mengi ya yale yanayoua watoto hawa kabla ya miaka mitano yatazuilika. Vijana wanaoandikisha ndoa nao wapime, si ili padre au mzee wa ukoo awatenganishe, bali wajue wanachokichukua mikononi.

Na ninyi akina baba, mama asiachwe aende kliniki peke yake. Ugonjwa huu hauji ila kutoka pande zote mbili. Kabla ya mkwe kuambiwa amchukue binti yake, baba naye anyooshe mkono, atolewe damu, asubiri majibu yake.