Shujaa Mwenye Deraya: Namna ya Kumkagua Kabla ya Kumnunua



Bidhaa iliyo mbele yenu ni mwanasesere wa plastiki: shujaa wa vita mwenye urefu wa sentimita 15, ambaye viungo vyake hukunjika na mavazi yake ya vita huvuliwa na kuvishwa. Ana vipande 9: chapeo, deraya ya kifua, vikinga bega 2, vikinga ugoko 2, ngao, upanga na jambia. Kila kipande kina kijino kinachosukumwa katika kitundu cha mwilini mpaka kinase. Jina la mtengenezaji sitalitaja, kwa kuwa nia yetu si kumsifu wala kumshtaki mtu, bali kuonyesha jinsi bidhaa ya aina hii inavyokaguliwa kabla fedha haijatoka mfukoni.

Tuanze na uimara. Mwanasesere wa namna hii aghalabu huanza kuharibika kwenye vijino. Tulikivua na kukivisha kila kipande mara 20. Chapeo na deraya ya kifua zilibaki imara. Kijino cha ngao kilifanya mstari mweupe shinani. Mstari huo ni dalili kwamba plastiki imechoka na haiko mbali kukatika. Vikinga bega vililegea kabisa, vikawa vinadondoka kila mwanasesere alipotikiswa. Kwa hiyo, mkiwa dukani, mwombeni muuzaji afungue sanduku, mvue na kuvisha vipande mara chache, kisha mtazame vijino kwenye mwanga.

Sasa tuje kwenye usalama. Juu ya sanduku pana duara jekundu lenye uso wa mtoto na tarakimu 0-3, limekatwa kwa mstari. Wazazi wengi huidhani alama hii kuwa kipimo cha akili, wakasema, “Mwanangu ni mwerevu, atamudu.” Alama hiyo haihusu akili, inahusu koo. Mtoto wa umri huo hukijua kitu kwa kukitia mdomoni, na njia yake ya hewa ni nyembamba. Nchini Marekani, kipande kinachoenea chote ndani ya silinda yenye kipenyo cha milimita 31.7, bila kushindiliwa, hakiruhusiwi katika vichezeo vya watoto walio chini ya miaka 3.

Nyumbani hamna silinda ya maabara, lakini bomba la karatasi ngumu linalobaki karatasi ya chooni ikiisha linatosha kwa ukaguzi wa kwanza. Ni pana kidogo kuliko silinda hiyo, hivyo likikosea hukosea kwa upande wa tahadhari. Tulipolitumia, jambia lilipita, na vikinga bega na vikinga ugoko pia vilipita. Angalieni jambo hili: vikinga bega, vilivyokuwa vya kwanza kulegea, ndivyo pia vinavyoweza kuziba koo.

Hapo ndipo penye hatari ambayo sanduku haliwezi kuitaja. Mnunuzi humnunulia kaka mwenye miaka 7, naye aliye halali ya kuchezea. Jioni kaka hulala, kikinga bega kikabaki mkekani, na asubuhi mdogo wake anayetambaa ndiye hukiona kwanza. Basi, chagueni kichezeo kwa kumtazama mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, hata kama zawadi si yake.

Wala tusidhani kwamba hatari hukoma miaka 3 inapotimia. Nchini Marekani, mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kombora dogo la plastiki, lililorushwa na chombo cha kuchezea cha Battlestar Galactica, kumwingia kooni. Mwaka 1979 kampuni ya Mattel iliviondoa vichezeo hivyo sokoni. Nayo kampuni ya Kenner ilikuwa imetangaza sanamu ya Boba Fett, shujaa mwenye deraya na kombora la kurushwa kutoka mgongoni. Ilipoitoa, kombora lilikuwa limegandishwa lisifyatuke. Watoto wengi walivunjika moyo, lakini uamuzi ulikuwa wa busara.

Uamuzi wetu juu ya mwanasesere huyu ni huu: anamfaa mtoto wa miaka 6 na kuendelea, katika nyumba isiyo na mtoto mchanga. Akinunuliwa, vipande vihesabiwe kila jioni na kutiwa katika kopo lenye kifuniko. Kijino kikikatika, kipande kitupwe siku hiyohiyo. Kama shujaa huwaka taa, hakikisheni kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu, kwa maana betri ya kitufe ikimezwa huweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Akiimeza mtoto, apelekwe hospitali bila kungoja dalili.

Mwisho, daini risiti na hifadhini sanduku. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ya Tanzania inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Kasoro ikijitokeza, rudini kwanza kwa muuzaji mkiwa na risiti na bidhaa yenyewe. Asipowasikiliza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Ushindani. Malalamiko ya mzazi mmoja huweza kuwaokoa watoto wa nyumba nyingine nyingi.