Milimita Moja ya Hewa: Mhadhara Kuhusu Mwanya, Uchafu na Mkato wa Bodi



Kuna hoja imenikera muda mrefu. Wenye nayo husema: hewa huhimili volti 3,000 kwa kila milimita, umeme wa nyumbani ni volti 230, basi milimita 1 kati ya nyaya mbili ndani ya kifaa inatosha na kubaki, na anayedai milimita 5 au 8 anatupa fedha za watu. Nimeisikia kwa wahandisi wenye shahada zao, si kwa wababaishaji.

Kabla ya kuibomoa, niiongezee nguvu kuliko wanavyoijengea wenyewe. Mwaka 1889 Friedrich Paschen, kijana wa miaka 24, alichapisha vipimo vya cheche katika hewa, haidrojeni na kaboni dayoksaidi. Sijui maandishi ya fizikia yanayonifurahisha zaidi ya hayo. Watu huyataja bila kuyasoma, na ni hasara yao. Alionyesha kwamba kinachoamua si umbali peke yake wala mgandamizo peke yake, bali kimoja kikizidishwa kwa kingine. Punguza mgandamizo nusu, ongeza umbali mara mbili: volti ya kurusha cheche inabaki ileile. Huo ndio msingi wa mchoro unaobeba jina lake hadi leo. Ukiufuata kuelekea kwenye mianya midogo, volti hushuka, hugusa chini, halafu hupanda tena, kwa sababu katika ufa mwembamba mno elektroni huvuka bila kugonga molekuli za kutosha. Kwa hewa, chini kabisa ni karibu volti 327, kwenye mwanya wa kama maikromita 7.5 katika mgandamizo wa kawaida.

Sasa sikilizeni. Volti 230 zetu hufika kileleni 325. Mpinzani wangu angemsoma Paschen, angeniambia hata hiyo milimita 1 ni anasa! (Majirani zetu wa Kenya, wenye volti 240, hufika 339, wao wamekosa bahati kwa tofauti ndogo.)

Hoja hiyo inaanguka kwanza kwa sababu volti 3,000 kwa milimita ni kipimo cha hewa kavu kati ya vyuma laini vinavyotazamana sawasawa. Ndani ya kifaa kuna ncha za miguu ya kapasita na vilele vya lehemu, na kwenye ncha uga wa umeme hujikusanya. Pili, mwanya haupimwi kwa volti za kila siku. Radi ikipiga karibu na laini, au mota kubwa ikizimwa jirani, volti hupanda ghafla. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60664-1 hutaka kifaa cha kuchomeka ukutani kwenye umeme kama wetu kihimili mshtuko wa volti 2,500, na vifaa vya pale umeme unapoingilia nyumbani volti 6,000. Mianya yake ni milimita 1.5 na 5.5. Habari za nyanda za juu nazipitia haraka: jedwali hilo linaishia mita 2,000 juu ya bahari, na anayepeleka kifaa Eldoret au Addis Ababa aongeze mwanya. Paschen ameshaeleza kwa nini.

Lakini kosa kubwa liko kwingine. Hoja nzima inazungumzia hewa, ilhali umeme mara nyingi haupiti hewani. Hutambaa juu ya bodi.

Nilikulia Unguja, karibu na pwani, na mjomba wangu alikuwa fundi wa televisheni. Jioni za unyevu seti zilianza kufoka, chumba kikanuka ozoni, na wateja wakadai transfoma ya volti kubwa imekufa. Mjomba hakukimbilia kununua nyingine. Alisafisha bodi kwa spiriti, akaianika juani, kisha kwa kipande cha msumeno wa chuma akachana mkato kati ya miguu miwili iliyokaribiana. Seti nyingi hazikurudi tena.

Alichokuwa akipambana nacho ni hiki. Chumvi, vumbi na umande hufanya utando unaopitisha mkondo mdogo. Mkondo huupasha moto, utando unakauka mahali pamoja na kukatika, na pale unapokatika cheche huzaliwa. Cheche hiyo haihitaji kuvunja hewa, kwa hiyo volti 327 za Paschen hazimkingi mtu. Kila cheche huacha chembe ya makaa, na makaa hupitisha umeme. Maabara hulipima jambo hili kwa matone 50 ya maji yenye asilimia 0.1 ya amonia kloridi, tone moja kila sekunde 30, kati ya elektrodi zilizoachana milimita 4. Nyenzo bora hupita kwenye volti 600. Bodi za kawaida za nyuzi za kioo na epoksi nyingi hazizidi 250.

Kwa bodi kama hizo na volti 250, kiwango hutaka milimita 2.5 juu ya uso katika nyumba ya kawaida, na 4 penye uchafu wenye unyevu. Kati ya umeme wa ukutani na waya wa simu unaoshikwa na mtoto, zidisha mara mbili. Hapo ndipo zinapotoka zile 5 na 8. Nyumba ya Tanga au Mombasa, madirisha wazi kwa upepo wa bahari, mimi naihesabu kundi la pili, ingawa wenzangu wengi huiweka la kwanza.

Wapo wanaoniambia: paka vanishi, yaishe. Nakiri vanishi nzuri, iliyopakwa kiwandani na kupimwa, huruhusu mianya midogo zaidi. Ila hubanduka pembeni, huacha matundu yasiyoonekana, na fundi akibadilisha kapasita huichoma kwa pasi ya lehemu wala hairudishi. Mkato kama wa mjomba, unaorefusha njia ya umeme juu ya uso, haubanduki. Ni kweli mkato hauongezi mwanya wa hewani, ni kweli hudhoofisha bodi, na ni kweli vumbi huingia humo pia. Hata hivyo, bodi yoyote yenye umeme wa ukutani upande mmoja na mkono wa mtu upande wa pili, mimi naitaka ikatwe, na ikatwe kwa upana wa milimita 1 angalau, au 1.5 kwa nyumba zetu za pwani. Ukiwa mwembamba zaidi, kiwango hukuhesabia kana kwamba hukukata kitu.